Ulezi, Nafaka ya Wazee: Habari za Asili Yake na Ukulima Wake katika Nchi ya Mara

Siku moja nilipokuwa nikisomesha darasa la sita katika shule moja ya upande wa Butiama, tulifika katika kitabu mahali palipotajwa tofaa. Mtoto mmoja akasimama akauliza, "Shikamoo, mwalimu. Tofaa ni tunda gani?" Swali dogo, lakini jawabu lake lilinipeleka mbali, hata likanirudisha nyumbani kwa njia nisiyoitazamia. Kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi hupenda habari za maneno na desturi, nimeona yafaa niwaandikie niliyoyapata.

I. Tofaa la pwani na tofaa la baridi

Neno tofaa tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao tuffah ni lile tunda la nchi za baridi, ambalo wauzaji wa soko la Musoma huliita epo, nalo kwa sehemu kubwa hutoka Afrika ya Kusini. Walakini watu wa Unguja na wa mwambao walipolipokea neno hili walilivika mti mwingine kabisa, mti uliotoka nchi za mashariki kuvuka bahari, wenye tunda jekundu lenye maji mengi. Huo ndio mtofaa wao mpaka leo. Hivyo jina moja lina matunda mawili, na mwalimu wa bara asiyejua hivyo atawapoteza watoto.

Nikawaeleza ya kwamba tofaa la baridi halizai kwetu kwa sababu mti wake huhitaji kulala. Matofaa mengi ya kale hutaka saa 800 mpaka 1,000, au zaidi, za baridi iliyo chini ya nyuzi 7, ndipo macho yake yafumbuke na kutoa maua sawasawa. Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, hata usiku wa Julai hewa haikaribii nyuzi hizo. Mti hukaa kama mtu asiyepata usingizi: hai, lakini bila nguvu ya kuzaa. Matofaa yanayopandwa katika nchi yetu yako milimani, kama vile Lushoto na Njombe.

Tena nikawaambia habari za mtu mmoja wa Marekani, jina lake Peter Gideon, aliyehamia Minnesota katika karne ya 19. Huko baridi huwa kali hata kuua miti mpaka mizizi. Alipanda miti mingi ya matofaa, na mwaka kwa mwaka ikafa karibu yote. Wasimuliao habari zake husema kwamba alipobakiwa na dola 8 tu, naye hana koti la kuvaa, alizipeleka fedha hizo Maine kununua mbegu na vijiti vya kuunga, akajishonea vazi la matambara. Katika kazi hiyo ukapatikana mti usiouawa na baridi, nao ulitolewa kwa watu mwaka 1868. Akauita Wealthy, jina la mkewe. Kwa kuwa kokwa ya tofaa haizai mti uliofanana na mama yake, hapana njia ya kuutunza mti kama huo ila kukata kijiti chake na kukiunga katika shina jingine. Basi kila Wealthy lililopo duniani leo limetokana na mti ule mmoja, kwa mikono ya watu waliopokezana.

Nilipokwisha kusema, mtoto yule yule akauliza tena, "Na sisi, mwalimu, mmea wetu ambao haukufa ni upi?"

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikasema, "Ni ulezi." Naye akacheka, na wenzake wakacheka. Kwao ulezi ni unga wa paketi wa kupikia uji wa mtoto mchanga. Wengi hawakuwahi kuuona ukiwa shambani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba jawabu langu lilikuwa la kweli, ila nimechelewa kulisema.

II. Majina yake

Wataalamu wa mimea huuita ulezi Eleusine coracana. Sehemu ya kwanza yatokana na Eleusis, mji wa Wayunani wa kale ambako mungu wa kike wa nafaka aliabudiwa. Sehemu ya pili yatokana na kurakkan, jina la nafaka hii katika kisiwa cha Sri Lanka. Hivyo mmea wa Afrika umepewa jina ambalo ndani yake hamna hata silabi moja ya Afrika! Hali asili yake ni huku huku: ulifugwa na watu katika nchi za juu, toka Ethiopia mpaka Uganda, kutoka katika jani la mwitu ambalo lingaliko. Kutoka huku ulivuka bahari ukafika Uhindi zamani sana, maelfu ya miaka, na huko huitwa ragi.

Majina ya kwetu yastahili kutazamwa vema. Katika Kiswahili tuna majina mawili: ulezi, na wimbi, ambalo hutumika zaidi Kenya. Wakikuyu husema ugimbi, ambalo ni ndugu wa wimbi. Kandokando ya ziwa kuna ukoo mwingine wa majina: Waganda husema bulo, Wahaya oburo, Wakisii obori, Wakuria oburwe. Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, husema kal. Majina haya ya ziwani yanafanana mno hata haiwezekani kudhani kwamba kila kabila lilitunga lake peke yake. Watu walitembea, na mbegu na jina vilitembea pamoja nao katika kibuyu kimoja.

Watoto wengi, hata na watu wazima, hufikiri kwamba nafaka hii inaitwa ulezi kwa kuwa hulea watoto. Maana ni nzuri, na kweli uji wake ndio unaopewa mama aliyejifungua na mtoto anayeachishwa ziwa. Lakini mimi nadhani ni maneno mawili yaliyokutana njiani. Wabemba wa Zambia huita nafaka hii amale, na katika lugha za kusini na za magharibi ya Tanzania yamo majina ya ukoo huo, ambayo ni ya nafaka tu. Walakini bahati iliyoyakutanisha maneno haya mawili haikukosea. Katika gramu 100 za ulezi mna zaidi ya miligramu 300 za chokaa ijengayo mifupa na meno, ambayo ni zaidi ya mara ishirini kuliko iliyomo katika mahindi. Bibi zetu hawakujua hesabu hiyo, walijua mtoto.

III. Tabia ya mmea

Suke la ulezi lafanana na mkono. Katika ncha ya bua hutoka vidole vinne mpaka tisa hivi. Katika aina nyingine vidole hunyoka kama kiganja kilichofunguliwa. Katika nyingine hujikunja ndani kama ngumi. Punje ni ndogo mno: 1,000 hazifiki gramu 3. Kwa hiyo kilo moja ina punje zaidi ya 300,000, na kikombe kimoja cha mbegu chatosha kiwanja kikubwa. Hakika hapa ndipo mahali pake pa kusema haba na haba hujaza kibaba.

Mbegu ikiwa ndogo hivyo, yataka udongo uliolimwa ukalainika, nayo isifukiwe chini kupita sentimita mbili au tatu. Hupandwa mvua zinapoanza. Hupenda udongo mwepesi usiotuamisha maji. Mwanzoni mche ni dhaifu, na ukuaji wake ni wa polepole. Lakini ukiisha kushika mizizi, huwa na uvumilivu wa ajabu. Jua likikaza, husimama, haukui wala haufi. Mvua ikirudi, huchipua machipukizi mapya pale chini na kuendelea. Aina nyingine huwa tayari kwa miezi mitatu, nyingine hutaka mitano au zaidi katika nchi za juu.

Nguvu yake kubwa haiko shambani bali ghalani. Punje ya ulezi ni ndogo hata fukusi hawana nafasi ya kuishi ndani yake. Ulezi uliokaushwa vema huweza kukaa katika kihenge miaka mingi bila dawa yo yote, na watu wa nchi nyingi hutaja miaka kumi. Mahindi na muhogo mkavu hayawezi. Miaka ya mwisho ya 1970 aliingia nchini, upande wa Tabora, mdudu mgeni kutoka Amerika, aitwaye dumuzi. Watu wakampa jina la Skania, kwa jina la yale malori makubwa, kwa jinsi anavyomaliza mzigo. Dumuzi hula mahindi, hula na muhogo uliokaushwa, akaacha vumbi. Ulezi hakuuweza.

Nao una udhaifu wake, wala si haki kuuficha. Jani la mwitu lililo mzazi wake, pamoja na ndugu zake, huota katikati yake, na kabla ya kutoa masuke hufanana naye hata macho ya mgeni hayawezi kuyatenga. Kwa hiyo palizi ya ulezi ni kazi ya kuinama, kwa mkono, siku nyingi. Uko ugonjwa wa ukungu unaokausha shingo ya suke na vidole vyake. Kuvuna ni kwa kisu, suke moja moja. Kisha kuna kupura, kupepeta, na kusaga. Katika ukulima wa kawaida eneo la hekta moja huleta nusu tani au tani moja tu.

IV. Njaa na ghala

Kabla ya mahindi na muhogo kuenea, mtama na ulezi ndizo zilizokuwa nafaka za watu wa Mara, yaani Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakwaya, Wakuria, Wajaluo na wengineo. Nchi hii mvua zake si za kutegemea. Kwamba mvua ilikuwa jambo kubwa kuliko yote twaliona hata katika majina: Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, kwa kuwa siku ya kuzaliwa kwake ilinyesha mvua nyingi. Watu wanaompa mtoto jina kwa ajili ya mvua ni watu waliokwisha kuonja ukame.

Katika miaka ya 1890 na iliyofuata, sotoka ilishuka kutoka kaskazini ikaua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki karibu wote. Nyuma yake zikaja ndui na njaa. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na Serengeti mpaka ukingo wa ziwa, akaandika habari za Wamasai aliowakuta wakifa kwa njaa baada ya kupotewa na mifugo yao. Fikiri, msomaji: aliyekuwa na ng'ombe mia jana, leo hana kitu. Aliyekuwa na kihenge cha ulezi wa miaka mitatu iliyopita alikuwa na uhai, naye aliweza kuwapa wengine. Ghala ndiyo iliyokuwa benki ya watu wa kale, na ulezi ndio uliokuwa fedha isiyooza.

Tena ulezi ulifunga ujamaa. Palizi ile ndefu haikufanywa na mtu peke yake. Mwenye shamba aliwaalika jirani, na kimea cha ulezi kikawa pombe ya kuwashukuru. Wakisii, jirani zetu wa upande wa Kenya, huuita ushirika huu risaga. Uchagani nako mbege haipikwi bila ulezi, hata ndizi zikiwa tele. Uganda, Wateso hukaa kuuzunguka mtungi mmoja wa ajon na kunywa kwa mirija mirefu. Sitaki kuusifu ulevi, maana nimeona nyumba zilizoharibiwa nao. Nasema tu kwamba ulezi ulipoondoka katika shamba, kitu kingine kiliondoka pamoja nao: sababu ya jirani kuja kulima kwako.

V. Kwa nini umepungua

Kwanza, muhogo. Nzige walipoivamia Afrika ya Mashariki tangu mwisho wa miaka ya 1920 mpaka katikati ya miaka ya 1930, serikali ya Waingereza iliwahimiza watu, na mahali pengi iliwalazimisha, kupanda muhogo, kwa sababu nzige hali mzizi ulio chini ya ardhi. Hilo halikuwa shauri baya. Muhogo uliokoa wengi, nao hautaki palizi nyingi. Lakini hauwekeki kama ulezi, na ugonjwa wa batobato pamoja na ule wa michirizi ya kahawia umeudhoofisha sana katika nchi za kandokando ya ziwa.

Pili, pamba. Pamba ilileta fedha za kodi, za nguo na za ada ya shule. Nayo hutaka palizi wakati ule ule ulezi unapotaka palizi. Mama mmoja hana migongo miwili.

Tatu, mahindi. Mahindi yana ganda linaloyakinga na ndege, yanasagika upesi mashineni, na unga wake ni mweupe. Ulezi suke lake li wazi.

Nne, kuhama. Mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, watu wa Mara walihamishwa kutoka katika miji yao ya zamani. Shule, maji na zahanati zilisogea karibu, na hayo ni mema. Lakini mashamba yakawa mbali, na kihenge kikubwa si chombo cha kubebwa kichwani.

Tano, na hili ni letu sisi walimu. Watoto ndio waliokuwa wakifukuza ndege na kung'oa magugu katika ulezi. Tulipowaita shuleni, na ilikuwa haki kuwaita, hatukuuliza nani atashika nafasi yao. Tena katika bustani za shule tulipanda mahindi, maharagwe na kabichi. Mtoto huamini kwamba kinachofundishwa shuleni ndicho chenye heshima, na kisichofundishwa ni cha watu wasiojua kusoma. Hatukusema neno hilo kwa midomo. Tulilisema kwa jembe.

VI. Kibuyu cha bibi yangu

Hapa sina budi kukiri kosa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibuyu kilichotundikwa juu ya meko, mahali penye moshi. Ndani yake mlikuwa na ulezi mwekundu wa vidole vilivyojikunja, ambao alisema aliletewa na mama yake alipoolewa. Kila mwaka, hata asipolima kitu kingine, alipanda kipande chake kidogo na kukijaza kibuyu upya. Alipofariki mimi nilikuwa mwalimu kijana, msomi wa kwanza wa nyumba yetu. Siku za matanga wageni walikuwa wengi na unga umepungua. Mimi nilikitungua kibuyu kile nikakitoa jikoni kipikwe uji. Hakuna aliyenizuia, maana nilikuwa mwalimu. Mama mdogo alinitazama tu, kisha akakipokea.

Miaka mingi sikuliwaza jambo lile. Nililikumbuka siku ile nilipowasimulia watoto habari za mtu wa Minnesota aliyekaa bila koti ili apate mbegu. Yule alivaa matambara kwa ajili ya mti. Mimi, kwa ajili ya uji wa asubuhi moja, nilikata mnyororo wa wanawake ambao hata majina yao siwezi kuyahesabu.

Hata hivyo ulezi una fadhili moja ambayo tofaa halina. Ua lake hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mbegu hufanana na mzazi wake. Hautaki ufundi wa kuunga vijiti. Wataka mtu mmoja tu asiyeila mbegu yote. Wataalamu wameweka namna nyingi za ulezi katika ghala za baridi, kama ile ya ICRISAT huko Uhindi yenye namna zaidi ya 5,000. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa nafaka za jamii hii, yaani ulezi, mtama, uwele na wenzao. Ni mambo ya kushukuriwa. Lakini ghala ya baridi huhifadhi punje. Haihifadhi jina ambalo bibi aliliita, wala sababu iliyomfanya aipende ile na si hii, wala shamba lipi lilimfaa.

Kwa hiyo nilianza na lililo karibu. Niliwaagiza wanafunzi kila mmoja awaulize wazee wa kwao: ulezi mliokuwa mkilima uliitwaje, rangi yake ipi, vidole vyake vimenyoka au vimejikunja, ulikomaa kwa muda gani, na je, mbegu ingaliko? Walirudi na majina mengi na mbegu chache. Mtoto mmoja ambaye shangazi yake ameolewa upande wa Bunda alileta fundo la kitambaa lenye punje zisizojaza kiganja. Shangazi alituma neno, "Mwambieni mwalimu asipike."

Sijui ni nani aliyemwambia habari zangu. Tulizipanda nyuma ya darasa mvua za masika zilipoanza, mistari mitatu, tukapalilia kwa mikono, na watoto waligawana zamu za kufukuza ndege kabla ya kengele. Vidole vilipotoka, vilikuwa vyekundu, vimejikunja kama ngumi. Siwezi kuapa kwamba ndio ulezi wa bibi yangu. Tulipovuna, fungu moja lilirudi kwa shangazi wa Bunda, fungu moja likagawiwa watoto, na la tatu liko katika kibuyu, kimetundikwa juu ya meko nyumbani kwangu. Mke wangu amenikataza kukigusa.

Nawasihi walimu wenzangu wa Mara, na wa nchi nyingine ambako ulezi, uwele au mtama wa kale ungaliko mikononi mwa wazee: andikeni majina haya mapema, pamoja na tabia ya kila aina, na kila jina lifuatane na mbegu yake. Kizee aliye na kibuyu leo huenda mvua zijazo zisimkute. Nasi tusiwe watu wajuao habari za tofaa la Minnesota, tusijue kilichokuwa juu ya meko ya nyumba zetu.